Usiuze Simu Ununue Mauthipisi ya Dhahabu

Wasee wa Kipsongo, wale wa upande wa Turkana, na nyinyi wa Bungoma mnaonisoma ndani ya matatu, shikilieni simu vizuri, maana leo ni stori ya simu na saksafoni.

Kuna kijana hapa mtaani, ana miaka 19, anapiga alto kanisani na kwa harusi za watu. Simtaji jina, anajijua, halafu mamake huwa anasoma hii kurasa. Wiki jana alinitumia meseji saa tano usiku. Amepata mtu wa kununua simu yake elfu 16. Ana elfu 12 ameweka tangu Desemba, pesa ya matanga na harusi. Jumla elfu 28, na hiyo yote anataka kuimwaga kwa mauthipisi moja ya chuma, imepakwa dhahabu, ameiona kwa video jamaa akiipiga na sauti inakata kama panga mpya. Swali lake: "Buda, si hii ndiyo itanipa toni?"

Nilimrekodia jibu la dakika nne. Akaniambia namuonea wivu. Sawa. Basi naandika yote hapa, watu wengine pia waamue.

Msimamo wangu una sehemu mbili na usichukue moja uache nyingine. Mauthipisi ni muhimu kuliko unavyodhani, kiasi kwamba kijana wa mtaa wetu anafaa kumiliki yake hata kabla ya kumiliki saksafoni. Lakini ile ya dhahabu ya elfu 28, wachana nayo.

Kwa wale hawajawahi kushika hii kitu: mauthipisi ni kile kipande cha mbele unachoingiza mdomoni, cheusi mara nyingi. Chini yake unafunga ridi, kijiti chembamba kilichochongwa kutoka kwa mwanzi. Ukipuliza, ridi inatetemeka ikifunga na kufungua ule mwanya ulio kwa ncha. Huo mtetemo ndio sauti inaanzia. Lile bomba la shaba la kumeremeta, na vile vibonyezo vyote, vinakuja baadaye. Ndiyo maana unaweza kuweka mauthipisi nzuri kwa saksafoni mbaya ukasikia tofauti hapo hapo, na ukiweka mauthipisi mbaya kwa saksafoni ya bei ya shamba, bado italia kama bata amekanyagwa.

Sasa angalia hali yetu. Hapa Kipsongo saksafoni si yako. Ni ya kanisa. Iko moja, wapigaji wanne, imefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mzee wa kanisa ambaye Jumatano ameenda shamba. Huwezi kubadilisha saksafoni, huwezi hata kuamua itengenezwe lini. Na mauthipisi iliyokuja nayo inatoka mdomo wa huyu inaingia mdomo wa yule, inapanguswa na shati. Jameni. Hiyo kitu ni kama mswaki. Msee akiwa na homa au kidonda cha mdomo, wiki ijayo safu yote ya mbele imenyamaza. Kipande cha pekee cha ile saksafoni ambacho mtu wa mfuko kama wetu anaweza kusema ni changu, naenda nacho nyumbani, ndicho hicho hicho kinachoamua sauti zaidi. Mimi naona hiyo ni bahati, na hatuitumii.

Kwa hivyo nunua. Tatizo ni unanunua nini.

Toa kadi yako ya benki uishike. Unene wake ni milimita 0.76. Weka mbili juu ya nyingine, umepata milimita 1.52. Yamaha 4C, mauthipisi ya plastiki ambayo wanaoanza duniani kote wanapewa, ina mwanya wa karibu milimita 1.60 kwa alto. Meyer namba 7, ambayo watu wa jazi wenye mapafu ya ng'ombe wanaiogopa kidogo, ni kama 2.06. Yaani kutoka ya mwanafunzi hadi ya kutisha, tofauti haifiki unene wa kadi moja. Lakini mdomo unaisikia. Mwanya ukiwa mpana, ridi inasafiri mbali zaidi, unahitaji hewa nyingi na midomo iliyokomaa, la sivyo noti zinayumba kama boda imebeba magunia matatu. Ukiwa mwembamba, unaidhibiti kwa urahisi, unaweza kupiga polepole na chini, ila ukisukuma sana inakaba.

Na usidanganywe na namba. Namba si lugha moja. 4 ya kampuni hii si 4 ya ile. Selmer wanaandika C na kinyota, na hiyo ni karibu milimita 1.70. Meyer 5 ni karibu 1.80. Msee akikuambia "mimi napiga saba" kwa kiburi, muulize saba ya nani.

Mwanya si kila kitu. Ndani ya mauthipisi kuna chumba, na chumba kina dari, upande ulio juu ya ridi. Hapa ndipo ladha ya sauti inapikwa. Chumba kikubwa chenye dari iliyo juu kinatoa sauti ya mviringo, nzito, ya kukumbatia. Dari ikishuka karibu na ridi, hewa inabanwa, inaenda kasi, sauti inakuwa kali na ya kung'aa, inapenya hata kelele za soko. Adolphe Sax, yule Mbelgiji aliyepewa hataza ya hii ala Paris mwaka 1846, alitengeneza mauthipisi zenye chumba kikubwa cha mviringo. Alitaka sauti laini, ikae katikati ya filimbi na tarumbeta. Bendi zilivyokua na kupata magitaa ya umeme, wapigaji wakataka kusikika, na mafundi wakaanza kushusha dari. Ile mauthipisi ya video ni mtoto wa hiyo safari. Imeundwa kupigana na gitaa na ngoma kwa jukwaa kubwa. Wewe unapiga "ofa ya shukrani" ndani ya kanisa la mabati lenye watu sitini. Ukiingia na hiyo, mama wa safu ya pili atashika masikio.

Halafu hii ya dhahabu. Hewa haijui rangi. Kinachofanya kazi ni umbo la ndani: mwanya, chumba, dari, na ule mteremko ambapo ridi inaachana na plastiki. Watu husema chuma kina sauti kali na raba ina sauti laini kwa sababu mauthipisi nyingi za chuma hutengenezwa zikiwa na dari ya chini na nyingi za raba zikiwa na dari ya juu. Unasikia dari, unasifu chuma. Dhahabu ina kazi yake, inazuia shaba isiguse midomo na isichafuke, hiyo ni kweli na ni nzuri. Lakini elfu 28 ya kuzuia uchafu, buda, hata sufuria ya mamako haijawahi kupata heshima hiyo.

Najua utaniletea John Coltrane. Ndiyo, Coltrane alipiga mauthipisi ya chuma ya Otto Link na alisumbuka maisha yake yote akitafuta ile inayomfaa, alikuwa akizibadilisha na kuzipeleka kwa mafundi. Lakini Coltrane alikuwa akifanya mazoezi mpaka watu wa nyumba wanachoka. Yeye alikuwa anatafuta kitu alichokuwa tayari anakisikia kichwani. Wewe unatafuta kitu ulichosikia kwa video ya sekunde 40, iliyorekodiwa studio, ikawekwa mwangwi. Na mimi nikuletee Charlie Parker. Tarehe 15 Mei 1953, Massey Hall, Toronto, alipanda jukwaani na saksafoni aina ya Grafton, mwili wake wa plastiki nyeupe. Plastiki! Rekodi ipo mpaka leo, na ni Parker kabisa, hakuna mtu anasikia ndoo.

Tuje karibu na nyumbani. Sikiliza OK Jazz ya Franco miaka ya 1960, Verckys Kiamuangana akiwa ndani kabla hajatoka mwaka 1969 kuanzisha Orchestre Vévé. Ile saksafoni inaongea. Inaanza kama mtu anabishana na gitaa, halafu inacheka. Sikiliza Manu Dibango kwa "Soul Makossa" ya 1972, au vuka Malaba uende kwa Isaiah Katumwa wa Uganda, sauti yake laini kabisa, kama chai ya maziwa. Watu watatu, sauti tatu ambazo huwezi kuchanganya. Ukimsikia Katumwa unamjua kabla hujamuona, na hujawahi kujiuliza kile kitu mdomoni kilikuwa rangi gani.

Hata hapa kwetu. Mzee wa litungu kule upande wa Chwele, akitaka sauti ibadilike, anagusa nyuzi, anaangalia ngozi kama imelegea. Sijawahi kuona mmoja akipaka litungu rangi ya dhahabu ndiyo lilie vizuri.

Kuna hoja moja ya kijana huyu ambayo naiheshimu. Aliniambia: "Wewe unaongea kanisa, mimi pesa yangu ni matanga." Na ni kweli. Matanga ya Bungoma ni nje, usiku, jenereta inanguruma, spika zimepangwa kama ukuta, kibodi imefunguliwa mpaka mwisho. Sauti ya mviringo inamezwa hapo. Ni hoja nzuri. Lakini dawa ya hiyo ni maiki. Maiki ya kukodi na mtu wa mitambo anayekupenda, mpe soda mapema. Saksafoni ikiwa kwa spika, sauti yako nzuri inatoka kubwa. Ukiwa na mauthipisi kali bila udhibiti, halafu iwekwe kwa spika, ni makosa yako ndiyo yanatoka makubwa, na wafiwa wana huzuni ya kutosha.

Pia kuna walimu wa bendi wa kizamani wanaosema mauthipisi haina maana, toni iko kooni na tumboni, fanya noti ndefu kila asubuhi. Nawaheshimu, shikamoo zao, na noti ndefu ni lazima. Ila wanasahau wao walijifunza kwa mauthipisi zilizotengenezwa vizuri, za bendi za shule na za serikali. Zile zinazokuja bure ndani ya boksi la saksafoni ya bei rahisi mara nyingi ni takataka. Kijana anapuliza mwaka mzima, noti za chini zinakataa, anaambiwa hana kipaji. Wengine wanaacha. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi kuliko hata pesa ya dhahabu. Mtu aliacha muziki kwa sababu ya plastiki iliyochongwa vibaya na hakuna aliyemwambia.

Kwa hivyo kabla hujajilaumu, ipime. Ule upande bapa ambapo ridi inalala huitwa meza. Iweke juu ya kioo cha simu (ndiyo, ile simu unataka kuuza) uone kama inayumba. Halafu iinue kwenye mwanga uangalie zile kingo mbili za pembeni, zinaitwa reli: zinafaa kuwa sawa, unene mmoja, na zikutane kwa ncha bila kidonda. Reli moja ikiwa nene kuliko nyingine, au kuna mkwaruzo kwa ncha, hapo ndipo ile milio ya panya inatoka. Sasa funga ridi iliyoloa, ziba upande wa nyuma kwa kiganja, nyonya hewa yote, achilia mdomo. Ridi ikishika sekunde kadhaa halafu ikaachia na mlio wa "pop", mko sawa. Ikiachia mara moja, hewa inavuja, kuna kitu hakijakaa.

Jaribio lingine, hili ni la bure kabisa. Puliza mauthipisi peke yake bila saksafoni, na programu ya kupima noti iwe wazi kwa simu. Kwa alto, noti inayotafutwa ni A, 880 hezi. Ukiwa juu sana, unauma kwa meno na taya. Ukiwa chini, umelegea. Fanya dakika tano kila siku, wiki mbili tu, ndiyo uje tuongee habari ya toni.

Na ile saksafoni yenyewe ya kanisa, imepimwa? Kama vifuniko vya matundu vimechoka na hewa inatoka pembeni, hata mauthipisi ya mfalme haitasaidia. Chukua zile taa ndogo za Krismasi za waya, ziingize ndani ya bomba usiku, zima taa za nyumba (au ngoja tu stima ipotee, utumie za betri), funga vifuniko taratibu bila kukaza. Mahali unaona mwanga, hapo ndipo noti zako zinakimbilia. Mwambie mzee wa kanisa amlipe fundi. Hiyo si kazi ya mfuko wako.

Ridi nayo. Hapa watu wanapiga ridi moja tangu Pasaka mpaka Krismasi, imepasuka kwa ncha, imekuwa kijani, halafu wanataka toni. Ridi zinauzwa kwa namba ya ugumu. Anza na 2 au 2.5. Mwanya ukiwa mpana unashuka namba, mwanya ukiwa mwembamba unaweza kupanda. Na Kitale yetu iko juu, kama mita 1,900. Wapigaji wanaopanda nyanda za juu huona ridi zimekuwa ngumu kidogo, kwa hivyo msee wa Mombasa akikwambia anatumia 3, usishindane naye. Kuwa na tatu au nne, uzizungushe, kila moja ipumzike. Na usioshe mauthipisi ya raba kwa maji moto wala kuianika juani juu ya mabati, itageuka kahawia ya kijani na kunuka kama yai bovu, ni ile salfa iliyo ndani ya raba inatoka. Maji baridi yanatosha, na hayo Kitale tunayo.

Sasa hesabu, maana kijana aliniambia naongea tu bila hesabu. Kwa bei ninazoziona nikitafuta, Yamaha 4C ni kati ya elfu nne na sita. Boksi la ridi kumi za Vandoren, elfu nne na kitu. Hata ukichukua bei ya juu, uko karibu elfu kumi na nusu. Akiba yako ni elfu 12. Inabaki nauli ya kuileta kutoka Nairobi kwa mizigo ya basi na chapati mbili. Simu bado iko mfukoni.

Baada ya mwaka mmoja, ukiwa unashika 880 umelala, tafuta Selmer ile ya kinyota au Meyer 5, hata iliyotumika, kwa mtu unayeweza kuonana naye ana kwa ana na kuipima. Mpya ya Selmer inaweza kupita elfu 25, na hiyo sitakukataza wakati huo, kwa sababu utakuwa unajua unanunua nini. Ya dhahabu ya mtandaoni kwa bei ya "punguzo leo tu", kuna nakala feki nyingi, jina limechongwa vizuri na reli zimepinda. Hapo hata dhahabu si dhahabu.

Na hii ya simu sitaki uichukulie kama ushauri wa mtu mzima. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikata, na kitu cha pekee nilichotoka nacho kilichonilisha ni simu. Yako ndiyo ofisi yako. Familia ya matanga inapiga simu saa kumi alfajiri, ikikosa inapigia mwingine wa Kiminini ambaye pengine hata hapigi vizuri. Programu ya kupima noti iko hapo. Nyimbo unazojifunza kwa kurudisha sekunde kumi mara hamsini ziko hapo. Ukiuza, utakuwa na mauthipisi inayong'aa na hakuna anayekujua uko wapi.

Jumamosi saa nane niko nyuma ya kanisa, kwa ule mti. Nina 4C mbili, moja mpya na moja ya zamani, na kioo bapa cha kupimia meza. Leta mauthipisi ya kanisa tuiweke kando yao, mpige noti moja tu, kila mtu asikie mwenyewe akiwa amefumba macho. Leta ridi yako. Yangu sikuazimi. Na kama utakuwa umeshauza simu, sijui utaonaje hii meseji, kwa hivyo namwomba mamako akupigie kelele kutoka dirishani.